Masafa Yaliyolala Mara

Kati ya megahezi 470 na 694, njia inayopitiwa na televisheni ya kidijitali, zimo nafasi 28, kila moja na upana wa megahezi 8. Msingi wa mgawo huo ni makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006, ambayo Tanzania inayafuata. Nafasi moja tu, kwa teknolojia ya sasa, hubeba chaneli kumi na tano au hata ishirini kwa pamoja. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, leseni za kujenga mitambo mipya ya kurushia matangazo zilikuwa mikononi mwa kampuni tatu. Tufanye hesabu ya ukarimu, tuseme kila kampuni ina nafasi mbili zinazofika Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara. Ni sita. Zinabaki nafasi 22, sawa na megahezi 176. Hata ukitenga kadhaa ili kukinga vituo vya jirani, salio ni kubwa.

Ili ukubwa huo uonekane, tuutazame kwa fedha. Katika mnada wa Juni 2018, Vodacom na Azam Telecom zilipata megahezi 20 kila moja katika bendi ya 700, kumi za kupeleka na kumi za kupokea, kwa takriban dola milioni 10 kila kampuni. Hewa iliyolala juu ya mashamba ya mihogo ya Majita na pamba ya Bunda, kwa hesabu yetu ya juujuu, ni karibu mara tisa ya upana ambao kampuni moja iliununua kwa bei hiyo. Na ni hewa bora kwa vijijini, kwa kuwa mawimbi ya chini ya megahezi 700 hupenya miti, huzunguka vilima na kufika mbali kwa nguvu ndogo, mambo ambayo mawimbi ya gigahezi 5 hayawezi.

Nasema kwa hiyo kwamba Mara haina uhaba wa masafa. Inachokosa ni ruhusa ya kuyatumia yaliyolala, chombo kinachoweza kuyatumia bila kumdhuru mwenye haki ya kwanza, na fundi wa kukitunza chombo hicho. Chombo kipo tayari, kwa sehemu kubwa. Ruhusa na fundi ndiyo kazi iliyobaki.

Tuanze na chombo. Redio ya kawaida imezaliwa na kazi moja. Koili, kapasita na kristali zake zilichaguliwa kiwandani kwa bendi fulani na kwa namna fulani ya kubeba ujumbe. Ukitaka kazi nyingine, unanunua redio nyingine. Redio ya programu imeuvunja utaratibu huo. Antena hukusanya mawimbi, chipu huyageuza kuwa namba, mamilioni ya namba kwa kila sekunde, na kuanzia hapo kila kilichokuwa kazi ya koili na kristali kinakuwa hesabu. Kuchuja, kuchagua chaneli, kufumbua ujumbe, yote ni programu, na programu hubadilishwa. Chombo kilekile kinaweza asubuhi kupokea matangazo ya FM, mchana kusikiliza vipima joto vya shambani na usiku kuwa kituo cha simu.

Vyombo hivi si hadithi za maabara za mbali. Tangu 2012 imejulikana kwamba kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni, kinaweza kugeuzwa kuwa kipokezi cha karibu kila kitu kati ya megahezi 24 na 1,700 na kidogo, kwa bei ya dola ishirini au thelathini. Juu yake zipo mashine kama USRP za Matt Ettus, zinazopokea na kurusha, zikiwa na chipu ambayo fundi anaweza kuifuma upya kwa programu bila kugusa chuma cha kuchomelea. Chipu moja ya AD9361, ndogo kuliko kucha ya kidole gumba, hufanya kazi kuanzia megahezi 70 hadi gigahezi 6. Na programu huria ya GNU Radio, iliyoanzishwa na Eric Blossom mwaka 2001, hailipiwi hata senti.

Wazo la kuipa redio ya namna hii akili ya kujiamulia lina historia inayogusa Mara kwa njia ambayo watu wengi hawaijui. Joseph Mitola, mhandisi wa Marekani aliyeeneza jina la redio ya programu mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikwenda Stockholm, Sweden, kusomea shahada ya uzamivu katika Chuo cha Kifalme cha Teknolojia, KTH. Huko, pamoja na Gerald Maguire, alichapisha mwaka 1999 makala ya redio tambuzi, yaani redio inayojua iko wapi, nani mwingine yuko hewani na sheria zinasemaje, kisha inajichagulia masafa na nguvu ya kurushia. Tasnifu yake ilitoka mwaka 2000.

Miaka michache baadaye watu wa chuo hichohicho walikuwa Bunda. Mradi wa ICT4RD, ulioshirikisha KTH, Tume ya Sayansi na Teknolojia COSTECH na wanataaluma wa Tanzania kwa msaada wa shirika la maendeleo la Sweden, Sida, ulijenga Mtandao wa Serengeti katika wilaya za Bunda na Serengeti. Uliunganisha shule, vituo vya afya na ofisi za halmashauri. Kinachonivutia zaidi ni mahali mradi ulipoanzia kutafuta njia. Badala ya kuchimba mtaro mpya, ulitazama nyuzi za faiba ambazo shirika la umeme, TANESCO, lilikuwa nazo kwenye nyaya zake kubwa za umeme kwa matumizi yake ya ndani. Nyuzi chache zilitumika. Nyingine zililala. Mradi uliomba ruhusa ya kuziamsha, na ruta zake zilijengwa kwa kompyuta za kawaida zenye programu huria.

Amos Nungu, wakati huo wa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT, aliyefanya utafiti wake KTH kuhusu mtandao huo, aliandika zaidi juu ya mambo mawili ambayo mabingwa wa redio hupenda kuyaacha kando: uendelevu baada ya fedha za wafadhili kwisha, na umeme wa kuendesha vifaa mahali ambapo gridi haiaminiki. Yeyote anayetaka kuleta redio tambuzi Mara asome hayo kwanza. Faiba iliyolala na masafa yaliyolala ni ndugu. Vyote viwili vimekwisha kulipiwa, kimoja na TANESCO, kingine na maumbile yenyewe, na vyote viwili vinasubiri mtu mwenye haki ya kuvigusa.

Sasa kushirikiana kwenyewe. Watu wa Musoma wana mfano wa mambo haya mbele ya macho yao. Usiku wa giza, ukisimama Makoko na kutazama Ziwa Victoria, unaona mstari wa taa za wavuvi wa dagaa kama mji unaoelea. Hakuna aliyepima viwanja juu ya maji. Kila mtumbwi huangalia taa za wenzake na kukaa mbali kiasi, kwa sababu taa zikikaribiana mno dagaa hugawanyika na wote hupata kidogo. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti tena, uvuvi huo hupumzika, na maji hubaki kwa wengine. Hapo kuna kugawana kwa mahali na kugawana kwa wakati, na kila mmoja anamwona mwenzake.

Kumwona mwenzake ndiko kwenye taabu. Ziwani taa zinaonekana. Redio, kinyume chake, husikiliza, na vilima huziba sauti. Fikiria mtambo wa televisheni ulio Musoma, nyumba yenye king'amuzi juu ya mwinuko wa Butiama, na redio tambuzi iliyofungwa bondeni nyuma ya kilima. Redio inasikiliza, haisikii televisheni, inahitimisha kwamba nafasi ni tupu, inarusha. Bondeni ilipo hakuna aliyeumia. Juu ya mwinuko picha inakatika wakati wa taarifa ya habari. Wahandisi huita hilo tatizo la kituo kilichofichika. Ili kulikwepa, redio lazima isikie mawimbi hafifu sana, chini kabisa kuliko king'amuzi chenyewe kinavyoweza kuyatumia. Marekani iliweka kiwango cha desibeli 114 chini ya miliwati moja, na watengenezaji wakalalamika kwamba kwa ukali huo redio huogopa hata vivuli. Septemba 2010 tume ya mawasiliano ya huko, FCC, ilikubali njia nyingine: redio haikulazimika tena kusikiliza, mradi ijue ilipo kwa setilaiti na iulize kanzidata ya vituo vya televisheni ni nafasi zipi ziko huru mahali pale na saa ile.

Kanzidata imeshinda karibu kila mahali, na Afrika iliifuata mapema. Mwaka 2013 peke yake ulikuwa na majaribio Cape Town, Zomba nchini Malawi na Nanyuki nchini Kenya. Mwaka huohuo Microsoft, COSTECH na kampuni ya UhuruOne walitangaza jaribio la Dar es Salaam lililolenga wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu. Lakini jaribio la Tanzania lenye uzito kwa Mara ni la Kondoa, mkoani Dodoma. Huko Jabhera Matogoro wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wenzake, wakisaidiwa na Internet Society, walijenga mtandao wa jamii uliotumia nafasi wazi za televisheni kuzifikia shule. Kondoa ni nchi ya vilima na vijiji vilivyotawanyika, kama Bunda. Ilionyesha kwamba chuo kikuu cha umma, shule za kata na mdhibiti wanaweza kukaa meza moja.

Nanyuki inafundisha jambo lingine, chungu kidogo. Mradi wa Mawingu wa huko ulianza kwa sifa kubwa ya nafasi wazi za televisheni. Kampuni iliyotokana nao imekua, na miaka ya karibuni imeinunua kampuni ya intaneti ya Habari Node ya Arusha, lakini ukuaji wake umetegemea zaidi redio za kawaida za Wi-Fi za kutoka mnara hadi mnara. Sababu ni bei. Redio za Wi-Fi hutengenezwa kwa mamilioni, za nafasi wazi kwa maelfu, na soko dogo halishushi bei. Mtu anayeuza intaneti kwa mkulima hawezi kununua kifaa kwa kupenda ubunifu wake.

Hapa ndipo unyumbufu wa redio ya programu unapokuwa na maana ya kiuchumi, wala si ya kihandisi tu. Kifaa kisichofungwa na bendi moja hakihitaji soko la bendi moja. Kiwanda kinaweza kuuza chombo kilekile kwa Bunda, kwa Papua na kwa Alaska, na kila mahali kikapewa sheria zake kwa programu. Papua, nchini Indonesia, si mfano wa kubahatisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walijenga huko kituo kidogo cha simu cha kijiji kwa redio ya programu, na mwaka 2014 walieleza jinsi vituo vya namna hiyo vinavyoweza kutumia masafa ya simu ya kampuni kubwa pale zisipofika. Simu za wateja zenyewe hupima na kuripoti kama kuna mnara mwingine karibu. Ukionekana, kituo cha kijiji kinahama. Simu ya kitochi iliyo mfukoni mwa mvuvi inakuwa jicho la mdhibiti, bila mvuvi kununua kitu.

Unyumbufu una mipaka yake, na ni wajibu kuitaja. Namba hubadilika kwa amri, antena haibadiliki. Kwa megahezi 470, nusu ya wimbi ni sentimita 32. Kwa 150 ni mita moja. Kwa 5,800 ni sentimita mbili na nusu na kidogo. Hakuna programu inayorefusha chuma. Chujio na amplifaya nazo ni za shaba na silikoni, na mashine za bei nafuu huvuja nguvu kwenye nafasi za jirani kiasi ambacho hakuna mdhibiti makini atakayekikubali karibu na televisheni. Kisha kuna umeme. Chipu inayoweza kila kitu hula zaidi kuliko chipu ya kazi moja, na kwenye kituo cha sola kisiwani Rukuba kila wati ni betri ya kusafirishwa kwa mtumbwi. Jeshi la Marekani, lenye mfuko usio na kifani, lilitumia miaka kumi na mitano na mabilioni ya dola kutafuta redio moja ya kufanya yote, na mwaka 2011 likaifuta ile ya magari ya ardhini. Redio ya Mara isitake kufanya yote. Ifanye mambo matatu au manne vizuri.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba redio za programu zimekwisha kufika Bunda, na nyingi. Ziko juu ya minara. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji wakubwa wameuza vituo ambavyo kadi moja hubeba 2G, 3G na 4G kwa kubadilishiwa programu na leseni. Siku hizi 4G na 5G zinaweza kugawana bendi moja na kupokezana kila milisekunde. Kushirikiana kwa masafa kunafanyika kila siku, ila kampuni inashirikiana na nafsi yake. Mipaka mingine tunayodhani ni ya maumbile nayo imeandikwa tu kwenye programu. Simu ya 2G hukataa mnara ulio zaidi ya kilomita 35 hata kama unasikika wazi juu ya maji, kwa sababu nafasi ya muda iliyotengwa kwa wimbi kwenda na kurudi imekwisha. Mnara unaweza kupangwa upya ufike maradufu ya hapo, kwa kupunguza idadi ya wanaozungumza kwa wakati mmoja. Kwa mvuvi anayetaka kupata tahadhari ya upepo kabla ziwa halijachafuka, wachache wanaosikika mbali ni bora kuliko wengi wasiotoka ufukweni.

Ndiyo maana swali la ruhusa ni zito kuliko la vifaa. Minada imeleta fedha nyingi. Ule wa Oktoba 2022 ulizidi dola milioni 180. Lakini leseni za minara hutolewa kwa nchi nzima, na anayelipia Kariakoo amelipia pia Kisorya, ajenge asijenge. Serikali inajaribu kuliziba pengo hilo kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao Mei 2023 ulisaini mikataba ya minara 758 katika kata ambazo kampuni hazikuzifuata zenyewe. Ni kazi njema. Ila kuna hatua isiyohitaji ruzuku: kutamka kwamba masafa yasiyotumika katika kata fulani kwa muda fulani yaweza kutumiwa na mwingine, hadi mwenye leseni atakapokuja. Marekani imefanya jambo la jirani na hilo katika megahezi 3,550 hadi 3,700. Manowari ziko daraja la kwanza, wanunuzi wa leseni la pili, umma la tatu, na mfumo wa kompyuta unapanga nani anapisha. Uganda na Kenya zimekwisha kuandika taratibu za nafasi wazi za televisheni. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ina wataalamu wa kutosha kwenda mbali zaidi yao.

Hofu ya mdhibiti ninaielewa, na ninaiheshimu. Redio inayoweza kwenda popote inaweza pia kwenda isipotakiwa: kwenye sauti za marubani kati ya megahezi 118 na 137, au kwenye megahezi 156.8, mlango wa dharura wa vyombo vya majini. Ziwa lililozizamisha MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 halistahili kufanyiwa majaribio juu ya masafa ya uokoaji. Mara pia ni mkoa wa mpakani, na juu ya maji hali ya hewa huweza kufanya mfereji unaobeba mawimbi mbali kuliko kawaida, hadi ng'ambo. Kwa hiyo kanzidata ya Mara lazima ijue mitambo ya Kenya na Uganda sawasawa na ya Musoma. Nchi za Afrika zina hesabu ya pamoja ya kuratibu masafa ya mipakani, HCM4A, na hapo ndipo pa kuanzia. Masafa ya uhai yafungwe ndani ya chipu, fundi asiweze kuyafungua.

Lakini kanzidata itakaa wapi? Huko Marekani redio huuliza seva kupitia intaneti. Kijiji kinachotafuta intaneti hakiwezi kuulizia ruhusa kwa intaneti ambayo hakina. Jibu la kihandisi linajulikana: kituo kikuu chenye faiba, Musoma au Bunda mjini, ndicho kinachouliza, na redio za vijijini hupokea majibu kutoka kwake. Jibu la kiutawala ni gumu zaidi, na msimamo wangu ni kwamba kanzidata iwe ya TCRA, ihifadhiwe nchini, na orodha yake isomwe na mwananchi yeyote. Tukikodi ya kampuni ya nje, tutakuwa tumeamsha masafa yetu kwa ufunguo wa mtu mwingine.

Fundi naye yuko karibu kuliko tunavyodhani. Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, Musoma kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA, na Bunda kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa. Vijana wanaofungua simu na kubadilisha chipu chini ya mwavuli sokoni hawashindwi na GNU Radio. Wanashindwa na kukosa mtu wa kuwaonyesha kwamba ipo.

Kazi ya kwanza haihitaji hata leseni ya kurusha, kwa kuwa ni ya kusikiliza tu: kujua ni nafasi zipi kati ya zile 28 zimelala kweli, wapi na saa ngapi. Vituo vitatu vingetosha kuanza, kimoja Musoma karibu na maji, kimoja Bunda, na kimoja kwenye mwinuko wa Kiabakari. Kila kituo kiwe na antena ya paa, kidude cha dola thelathini, kompyuta ndogo na betri ya sola, kikirekodi usiku na mchana, masika na kiangazi, mwezi ukiwa mpevu na usipokuwepo. Baada ya mwaka mmoja ramani hiyo ipelekwe TCRA, ikiwa na majina ya kata pembeni ya kila nafasi.